Barua ya wazi kwa wakuu wa besiboli ya Marekani: zihesabuni na siku za wazee

Kwa Waheshimiwa:
Kamishna wa Ligi Kuu ya Besiboli,
Wenye klabu zote 30,
Viongozi wa Chama cha Wachezaji.

YAH: WACHEZAJI WALIOSTAAFU KABLA YA 1980 NA PENSHENI WALIYONYIMWA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Tanga, na makazi yangu ni Houston, Texas. Nabeba boksi, kama tunavyosema wenyewe, na boksi langu ni kutunza wazee majumbani mwao. Asubuhi nne kwa wiki naingia katika nyumba ya mzee mmoja aliyepata kuwa mpigaji wenu. Namwogesha, nampa dawa, namkorogea uji wa shayiri, kisha tunakaa. Wiki ya kwanza nilishindwa kumwita kwa jina lake la kwanza kama wafanyavyo wenzangu kazini, nikamfundisha shikamoo. Siku hizi akisikia ufunguo mlangoni anaitika marahaba kabla sijatamka kitu.

Sitamtaja. Sheria za kazi yangu haziniruhusu, na yeye mwenyewe ameridhia niandike kwa sharti hilo. Hata hesabu ya homurani zake, yaani mipira aliyoipiga ikavuka ukuta wa uwanja, naificha, maana mchezo wenu una mashabiki ambao ukiwapa tarakimu mbili tu wanakutajia mtu, mji aliozaliwa na mkono anaorushia. Niseme tu kwamba alikuwa mpigaji wa nguvu, alicheza Ligi Kuu miaka ya 1970, na alipotoka alikuwa hajatimiza miaka minne.

Kwa niaba yake na ya mkewe nimekwisha kuandika barua mbili za Kiingereza kwenda ofisi moja ambayo nayo siitaji. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa karatasi nzuri, nzito, iliyotushukuru kwa mapenzi yetu kwa mchezo. Basi ya tatu naiandika hadharani, na naiandika kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kiingereza hasira yangu inashikwa na kigugumizi. Pesa ya mkalimani mnayo.

Wasomaji wangu wa nyumbani wataniwia radhi niwape picha kidogo, maana kwetu besiboli ni ya wachache. Mrushaji anasimama futi 60 na nusu kutoka kwa mpigaji. Anautupa mpira kwa kasi inayoweza kupita maili 90 kwa saa. Mpigaji ana gongo la mti na chini ya nusu sekunde ya kuamua kama anapiga au anaacha. Akiupiga ukavuka ukuta wa uwanja ukiwa hewani, hiyo ndiyo homurani: anazunguka vituo vyote vinne bila haraka na hakuna wa kumzuia. Anayepata pigo safi mara tatu kati ya kumi huyo ni fundi. Hizo saba nyingine anarudi benchi mbele ya watu elfu 30.

Nilidhani Mzee angeniambia kwamba mchezo ulimfundisha subira. Nilipomuuliza alicheka. Akasema ulimfundisha kurudi benchi: usikimbie, usiburute gongo, usimtazame mtu. Namwona akifanya hivyohivyo anapotoka bafuni, mkono ukutani, na hataki nimshike kiwiko mpaka tufike mlangoni. Akaniambia pia kwamba homurani ya kweli huisikii mikononi. Zile zinazouma viganja ndizo zinazodakwa. Mambo mengi mazuri ya maisha yake, alisema, hakuyasikia yakipita. Kisha akaomba chumvi kwenye uji, ambayo daktari amemkataza, nikamnyima.

Jambo moja nililojifunza kwake ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mchezo wenu unahesabu kila kitu. Hakuna mchezo mwingine duniani wenye karani mwaminifu namna hiyo. Zaidi ya watu elfu 20 wamepata kucheza Ligi Kuu tangu karne ya 19, na kila mmoja yumo vitabuni, hata aliyesimama uwanjani dakika tano mwaka 1905 asirudi tena. Mzee akitaka kujua alipata nini Jumanne fulani ya Juni zaidi ya miaka 50 iliyopita, mjukuu wake anabonyeza simu na jibu linatoka: mara nne kupiga, pigo moja, makosa sifuri. Siku zake zote mnazo. Mmezihifadhi kuliko yeye mwenyewe, ambaye nyingine zimeshamtoka kichwani.

Ila likija suala la kumlipa, siku hizohizo mnasema hazitoshi.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Kipimo cha siku 43.

Mei 1980, wachezaji wakiwa tayari kugoma, wenye klabu na chama mlikubaliana masharti mapya. Tangu hapo mchezaji akiwa kwenye orodha ya klabu ya Ligi Kuu siku 43 tu anapata haki ya pensheni, na siku moja tu inamfungulia mlango wa bima ya afya. Kabla ya hapo alitakiwa awe na miaka minne. Makubaliano yale yalikuwa mema. Ubaya wake ni kwamba hamkuyarudisha nyuma. Kijana aliyeingia mwaka 1981, akakaa wiki sita na siku moja, akarudishwa ligi ndogo na asionekane tena, ana pensheni. Aliyetoka mwaka 1979 na miaka mitatu na nusu ya kupiga na kupigwa, hana. Wote wawili walivaa jezi zenu na mashabiki walilipa kiingilio kuwaona.

Najua mtasema mmekwisha kuwafikiria. Ni kweli, Aprili 2011 mlitangaza malipo: dola 625 kwa mwaka kwa kila robo ya msimu, yaani kwa kila siku 43, isizidi dola 10,000. Mwaka 2022 mkaongeza asilimia 15, robo ikawa dola 718.75 na kikomo dola 11,500. Nawashukuru, na nasema hivyo bila kejeli, kwa kuwa pesa hiyo naiona ikinunua vitu ndani ya nyumba ile. Lakini hebu tufanye hesabu, maana mnapenda hesabu. Mchezaji mwenye robo kumi anapata dola 7,187.50 kwa mwaka kabla ya kodi. Gawanya kwa miezi 12: haifiki dola 600. Kima cha chini cha mshahara wa mchezaji wenu mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000.

Na jina mnaloipa pesa hiyo ni "malipo". Hamsemi pensheni. Pensheni ni haki ya mtu, ana cheti chake na ana mrithi wake. Malipo ni mkono wa mtoaji, ukikunjwa umekunjwa. Bima ya afya nayo haimo humo.

2. Waliogoma ndio waliotoka mikono mitupu.

Hili ndilo linalonikosesha usingizi, na nitakaa nalo kidogo.

Tarehe 1 Aprili 1972 wachezaji wa Ligi Kuu waligoma kwa mara ya kwanza katika historia ya ligi hiyo. Waligoma siku 13. Mechi 86 zilifutwa na hazikurudiwa, na mishahara ya siku hizo ikaenda nazo. Hata msimu uliharibika hesabu: Detroit walimaliza na ushindi 86 na vipigo 70, Boston ushindi 85 na vipigo 70, Boston wakakosa ubingwa wa kundi lao kwa nusu mechi, kwa sababu tu timu hazikucheza idadi sawa. Waulizeni wazee wa Boston kama wamesahau.

Waligombea nini? Hawakuwa wanadai mishahara. Waligombea mfuko wa pensheni, wenye klabu waongeze mchango wao.

Mzee alikuwa mmoja wao. Alikuwa kijana asiye na uhakika wa nafasi yake, kima cha chini siku zile hakifiki dola 15,000 kwa mwaka, na msimu ukiisha alikuwa anapakia fanicha kwenye malori ili mwaka utimie. Kiongozi wao, Marvin Miller, aliwaambia wazi kwamba wenye klabu wataweza kuwasubiri. Mzee anakumbuka wakubwa wa timu, wenye majina, wakipiga kura ya kugoma, naye akainua mkono. Akaniambia kwamba hakuogopa kukosa mshahara. Aliogopa kwamba mgomo ukiisha watatafuta wa kumwadhibu, na anayeadhibiwa siku zote ni yule ambaye jezi yake inamwenea mtu mwingine.

Mgomo uliisha, mfuko ukaongezewa dola laki tano. Miaka minane baadaye mkaufungua mlango kwa siku 43, kwa wanaokuja tu. Kwa hiyo mfuko ule, waheshimiwa wa chama hasa nawaambia ninyi, ulitiwa maji na watu ambao hawakuruhusiwa kunywa. Sijui nyumbani kwenu mnaliitaje jambo la namna hii. Kwetu Tanga mtu aliyechimba kisima hata kama hana ndoo anakaribishwa kwanza.

Nina sababu yangu ya kuumia hapa. Tanga ni mji wa bandari na reli, na nilipokuwa mtoto nimewaona wazee waliokuwa watumishi wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ile ilivunjika mwaka 1977, nao walidai mafao yao miaka na miaka. Walipita barazani na bahasha za kaki kwapani, ndani mna vielelezo vilivyokunjwa mpaka mikunjo imekuwa matundu. Leo aje kesho, kesho faili halionekani. Wengine walizikwa wakidai. Niliondoka nyumbani nikiamini kwamba tabu ile ni ya nchi maskini. Kisha nikaingia katika nyumba ya mchezaji wa Ligi Kuu ya Marekani, mkewe akafungua droo ya kabati, akatoa bahasha ya kaki.

3. Mjane haachiwi chochote.

Mchezaji mwenye pensheni akifa, mkewe ana fungu lake. Hawa wa malipo ya hisani, siku mzee anapofumba macho, malipo yanafumba naye. Hayarithishwi.

Mama huyu, mke wa Mzee, amehama naye miji ya ligi ndogo nisiyoweza hata kuitamka. Alifunga na kufungua mizigo kila Aprili na kila Septemba. Ndiye aliyemshonea suruali ya mazoezi iliyochanika, kwa sababu klabu ilitoa mbili tu. Juzi aliniuliza, tukiwa jikoni wawili, sauti ya chini, kama mimi ninayejua mambo ya karatasi nadhani ofisi itachukua muda gani kugundua kwamba amekufa. Hakuwa anapanga kuiba. Alikuwa anapima atakuwa na miezi mingapi ya kujipanga.

Tukienda hospitali tunapita karibu na Astrodome, na Mzee huniomba nipunguze mwendo. Ulifunguliwa mwaka 1965, uwanja mkubwa ajabu wenye paa juu, watu wakauita ajabu ya nane ya dunia. Wapigaji wa nguvu hawakuupenda: mle ndani mpira ulikuwa unakufa hewani. Mzee anasema aliwahi kuupiga mmoja ambao mahali pengine popote ungevuka ukuta, na hapo ukaangukia mkononi mwa mtu aliyekuwa amesimama tu akisubiri. Siku hizi uwanja umefungwa, hauchezewi kitu, maegesho yameuzunguka kama bahari. Mwaka 2017 jimbo la Texas liliupa ulinzi wa kisheria kama urithi wa historia, usibomolewe ovyo. Nilimsomea habari hiyo. Akautazama kupitia dirishani mpaka taa ikawaka kijani, halafu akasema, "Hata mimi nilikuwa mle ndani."

4. Hawana wa kuwasemea.

Hili ni fupi. Mstaafu si mwanachama tena, kwa hiyo chama hakilazimiki kisheria kumtetea mezani. Wenye klabu wanajadiliana na chama peke yake. Matokeo yake wazee hawa ni wageni katika kila kikao kinachowahusu. Anayewanyima hayupo wa kumshika, kwa sababu kila upande unanyoosha kidole kwa mwenzake.

Sasa nitangulie kujibu yale mtakayosema, ili barua ya nne isihitajike.

Mtasema mahakama ilikwisha kuamua. Naam, wastaafu walishtaki, na mwaka 2006 mahakama ya rufaa ikawakatalia. Mimi sijaja na wakili. Hakuna mahakama iliyowalazimisha mwaka 1997, mlipoanza kuwalipa baadhi ya wazee wa Ligi za Weusi, watu ambao ubaguzi uliwafungia nje ya Ligi Kuu mpaka Jackie Robinson alipoingia mwaka 1947. Mlilipa kwa sababu aibu ilikuwa imezidi. Ilikuwa vyema. Malipo ya 2011 nayo hayakuamriwa na hakimu. Kumbe mkitaka mnaweza.

Mtasema walijua masharti wakati wanasaini. Walisaini kweli. Lakini mpaka Desemba 1975, msuluhishi alipoamua kesi ya wachezaji Andy Messersmith na Dave McNally, mikataba yenu ilikuwa na kifungu mlichokitumia kumfunga mchezaji kwa klabu moja mwaka baada ya mwaka. Aliyekataa masharti alikwenda kupakia fanicha. Mzee alipewa karatasi, akaonyeshwa pa kutia sahihi. Hiyo nayo ni hiari ya aina yake.

Mtasema pesa. Hapo, waheshimiwa, naomba tusichekeshane. Desemba 2024 mpigaji mmoja, Juan Soto, alisaini mkataba wa dola milioni 765 kwa miaka 15, yaani milioni 51 kwa mwaka. Simwonei wivu, kijana anapiga, na mkataba wa namna ile usingekuwepo kama wazee wa 1972 wasingeinua mikono. Tuseme wazee wanaohusika wamebaki 600 na kila mmoja aongezwe dola 10,000 kwa mwaka. Ni milioni 6. Na kila mwaka inapungua, kwa sababu mnayoijua, ambayo nadhani baadhi yenu mnaitegemea. Kama nimewadhulumu kwa sentensi hiyo, nikanusheni kwa vitendo.

Mtauliza pia mimi ni nani. Ni mtu anayelipwa kwa saa kumkata kucha mchezaji wenu. Sina cheo kingine.

Mkataba wa pamoja wa sasa, kati ya wenye klabu na chama, unafikia mwisho tarehe 1 Desemba 2026. Tunaomba kwamba kabla au ndani ya mkataba utakaofuata:

Kwanza, kipimo cha siku 43 kitumike kwa kila aliyecheza kabla ya 1980 na yu hai, na anachopewa kiitwe pensheni, kiwe pensheni. Hatudai malimbikizo ya miaka iliyopita, ingawa tungekuwa na haki ya kuyadai.

Pili, mjane arithi. Kama mnaona ombi la kwanza ni zito, anzeni na hili hata kesho. Halihitaji mgomo wa siku 13.

Tatu, wapewe bima ya afya ileile anayoipata mchezaji wa siku moja. Mzee anameza vidonge tisa kwa siku na viwili kati ya hivyo mkewe huvikata nusu. Nimemkataza. Anaendelea kuvikata nisipokuwepo.

Nne, mzee mmoja aliyechaguliwa na wenzake akae kwenye kikao cha mazungumzo, hata kama hana kura. Aonekane tu.

Nakala ya barua hii nitaitafsiri kwa Kiingereza na kuituma kwa ofisi ileile ya mwanzo, yenye karatasi nzito.

Wenu katika kazi,
Mtunza wazee, Houston.

N.B. Nilimsomea Mzee barua hii yote, nikitafsiri papo kwa papo. Ameniomba niongeze jambo moja. Anasema kuna homurani yake ambayo haimo vitabuni. Aliipiga, ikavuka, akazunguka vituo vyote, kisha mvua ikashuka kabla ya ingi ya tano kutimia (ingi ni duru ambayo kila timu inapata zamu yake ya kupiga). Kwa kanuni za wakati ule mchezo ulifutwa na kila kitu kilichotokea ndani yake kikafutwa. Nilimuuliza kama niwadai na hiyo. Akasema hapana, ile ilichukuliwa na mvua, na mvua ilikuwa halali.